Milamula ya Ma Theopista

"Mwambieni Derick awaondoe watu wake mlimani! Wamenikanyagia mizigo yangu mitatu ya nyasi kama ng'ombe wasio na mchungaji!"

Hivyo ndivyo Ma Theopista alivyoingia kwenye kikao chetu, mundu mkononi, khanga imekazwa kiunoni, bila hodi wala salamu. Tulikuwa tumekaa uani kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, Ta Avit, hapa Kishanda. Derick mwenyewe, mtoto wa kaka yake Theopista, alikuwa amesimama mbele akitueleza jinsi mlima wetu utakavyotutoa kwenye umaskini.

"Shangazi," Derick akasema kwa sauti ya chini, "nyasi zitaota tena. Hapa tunazungumzia madini ya bati."

"Bati ninalo juu ya nyumba yangu, na linavuja. Usinitajie bati."

Watu wakacheka. Nami, mwanamke mwenzake wa kukata nyasi, sikuiacha nafasi ipite. "Ma Theopista, kama una nyasi nyingi hivyo hadi zinakanyagwa, mzigo wangu mbona hujanilipa? Mwaka wa sita huu!"

"Wewe utazikwa na huo mzigo wako!"

"Sawa, nizikwe nao. Ulete basi."

Ta Avit akagonga meza kwa kiganja. Derick akaendelea, akanyoosha kidole mlimani. "Wazee wangu, msiogope. Msitu hatuugusi. Tutachimba chini ya mstari wa milamula tu. Juu ya milamula ni hifadhi, chini ni kwetu."

Hapo ndipo nilipomwona Theopista akikaa chini. Yeye ambaye kikaoni husimama mlangoni ili awahi kuondoka, alikaa kwenye udongo, mundu mapajani, mpaka kikao kikaisha. Nikadhani ni hasira za nyasi. Sikujua.

Mahali penyewe pako hivi. Juu kabisa ya mlima ni msitu wa hifadhi. Chini ya miti ni orweya, yaani ile mbuga ya nyasi ambayo si kibanja, si shamba la mtu. Katikati ya orweya pana mstari wa milamula, na mguuni mwa mlima pana kisima ambacho nusu ya kijiji tunachota. Derick alitaka kuchimba kati ya milamula na kisima.

Na kwetu mpaka hauandikwi, unapandwa. Mulamula ni mti mwembamba wenye majani kama upanga. Ukikata tawi lake ukalichomeka hata kwenye kokoto, linashika. Ukishasimama kati ya kibanja changu na chako, maneno yamekwisha, hata baraza likija linauliza kwanza mulamula uko wapi. Kuukata au kuung'oa ni kosa ambalo wajukuu wako watatajiwa kwenye harusi zao.

Leseni ya Derick ilikuwa halali, yenye muhuri. Alikuwa amechimba bati miaka saba kule Kyerwa kwa niaba ya watu wengine, akarudi akasema sasa anachimba kwa jina lake. Lakini kipande alichopewa kwenye ramani kilikuwa kimepanda juu ya hifadhi, kama blanketi moja linalogombewa na watu wawili. Watu wa madini wakamwandikia wazi: ukifika mpaka wa hifadhi simama, mpaka watu wa misitu waridhie kwa maandishi. Kusubiri ridhaa ni miezi. Derick hakuwa na miezi. Alikuwa ameshaweka kibanja cha marehemu baba yake rehani ili alipie kijiko, ule mtambo wa kuchimba, na kijiko kilikuwa kinakuja Jumatano ya wiki ya tatu kuanzia ile ya kikao.

Basi nimweleze Theopista mwenyewe, maana wengi wanamjua kwa kelele tu.

Alirudi kwao miaka ishirini na minane iliyopita kutoka Buganguzi alikokuwa ameolewa. Alirudi na binti mgongoni, Hellen, na sufuria moja. Kilichotokea hakusema. Alisema tu, "Kule sikanyagi tena," na hakukanyaga. Mwanamke aliyerudi kwao hana kibanja. Kaka yake, Ta Ishengoma, alimkatia kona ya chini, penye udongo ambao hata magugu yalikuwa yanaona aibu kuota. Mgomba haukai kwenye udongo kama ule bila matandazo. Kwa hiyo Theopista akapanda orweya kukata nyasi.

Alikata za kufunika migomba yake, akakata za kuwauzia wenye kahawa, na ikikaribia Krismasi akakata zile laini ndefu tunazotandika sebuleni wageni wakae. Alipanda gizani kabla hatujaamka, na nyasi zake zilikuwa ndefu kuliko za mwanamke yeyote. Tulisema ana mkono wa baraka. Kwa nyasi hizo alimsomesha Hellen ushonaji, naye sasa ana cherehani yake Kitendaguro, mjini Bukoba. Kwa nyasi hizo alimlea Derick, maana mama yake Derick alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na Ishengoma alikuwa mtu mwema asiyejua hata kuchemsha maji.

Ishengoma naye akafariki, Agosti, wiki ambayo moto ulipita mlimani ukala kila kitu. Msiba una watu mia na hakuna unyasi wa kuwakalisha. Mimi nilikuwa na mzigo nimeuhifadhi darini, nikautoa. Theopista akanishika mkono, akasema, "Nitakulipa mzigo kwa mzigo." Huo ndio mzigo niliokuwa namdai. Si kwamba niliuhitaji. Lakini mtu kama Theopista lazima uwe na kitu cha kumshikia.

Siku nne baada ya kikao alikuja kwangu asubuhi, amevaa viatu.

"Unasindikiza mtu Bukoba?"

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nataka kwenda ofisi ya madini kuona ramani. Wewe umemaliza la saba na huogopi makarani."

Tukaenda. Ofisini tulimkuta binti mmoja mpole, Felicitas, akatufungulia ramani kwenye kompyuta. Rangi ya kijani ni msitu, mstari mwekundu ni leseni. Mimi niliona rangi tu. Theopista aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kisima kiko wapi hapa, mwanangu?"

"Chanzo cha maji ni hiki, bibi. Mpaka wa hifadhi unapita hapa hapa, pembeni yake. Panatakiwa kuwa na jiwe la mpaka."

"La sementi. Lina herufi ubavuni."

"Umelijuaje?"

"Nimewahi kuliona," Theopista akasema, akaelekea mlangoni.

Nilimnyamazia mpaka tulipofika Kitendaguro kwa Hellen. Hellen alikuwa uani anamenya ndizi za mchana. Tukakaa tukamsaidia, nami nikaweka kisu chini.

"Sasa sema. Hifadhi inaanzia kisimani au kwenye milamula?"

"Kisimani."

"Na milamula ni ya nani?"

Akaendelea kumenya. Akamenya ndizi ile mpaka ikabaki kama kidole. "Ni yangu."

"Yako vipi?"

"Mwaka niliorudi, nyasi nzuri zilikuwa kule juu karibu na miti. Nyinyi mlikuwa wengi na mna waume wa kuwabebea. Nikakata matawi kwenye ua wa Ishengoma, nikayachomeka usiku wa kuamkia Jumapili. Nikamwambia mama mkwe wako kwamba watu wa serikali wamepita, wameweka mpaka, juu ya hapo ni jela. Nilitaka msimu mmoja tu. Mvua ikanyesha, yakashika."

"Mama mkwe wangu alikuamini?"

"Alinishukuru."

Waitu! Miaka ishirini na minane nimekata nyasi fupi za chini, mgongo umepinda, na huyu akipita na ndefu zake nikimsifu mkono wa baraka! Niliyomwambia pale sitayaandika yote. Nilimwita mwizi wa majani. Nilimwita mbunge.

Hellen ndiye aliyetunyamazisha. "Mama, watu wa misitu wana mitambo ya kupima. Derick akichimba pale, watamkuta ndani ya hifadhi. Atafungwa."

"Najua."

"Na kisima?"

"Najua, Hellen! Unafikiri nalala?" Kisha akasema taratibu, "Nikisema, kijiko kitarudi na fedha zake zimeshaliwa. Kibanja kitakwenda. Kaburi la Ishengoma litakuwa kwenye migomba ya mtu tusiyemjua, na mimi na kona yangu nitahesabiwa pamoja na kaburi. Nisiposema, mtoto atakwenda jela kwa mti nilioupanda mimi."

Ndizi hazikulika vizuri siku ile.

Tuliporudi alimwendea Derick, wawili peke yao, akamweleza. Derick alimsikiliza amesimama, ufunguo wa pikipiki mkononi. Kisha akacheka, tena kwa uchungu.

"Shangazi, wiki iliyopita umenitukana mbele ya kijiji kwa ajili ya mizigo mitatu ya nyasi. Leo milamula ya wazee umeipanda wewe? Sema tu hutaki niguse nyasi zako."

"Naapa kwa kaburi la baba yako."

"Kaburi la baba ndilo nimeweka rehani. Usiniapie kwalo."

Akawasha pikipiki. Theopista alinisimulia haya akiwa anatandaza majani kwenye migomba yake, anatandaza mahali pale pale mara tatu bila kujua.

Siku zikawa zinahesabika. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kila alfajiri nilimwona amesimama kwenye kona yake anatazama mlima. Alipungua. Nilimpelekea uji wa ulezi akaupokea bila kunitukana, ndipo nikaogopa kweli.

Jumatano lori likaja limebeba kijiko cha rangi ya njano, likasimama barabarani chini ya mlima, injini ikinguruma kwa sababu dereva alisema ikizimwa haiwaki. Nyuma yake ikaja pikipiki ya mtu wa misitu aliyetumwa kuukagua mpaka, Bwana Nathanieli, kijana wa miwani, mpole, na kifaa cha kupimia kama simu nene. Nusu ya kijiji tulikuwa tumeshapanda mlimani hadi kwenye milamula.

Bwana Nathanieli akazunguka na kifaa chake, akakitazama, akatazama chini kisimani. "Jamani, mpaka hauko hapa. Uko kule chini."

Ikawa kelele. Mgurusi Ndyamukama, mzee ambaye hakosi neno hata kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, akajisogeza mbele na fimbo yake.

"Kijana, hicho kisimu chako kina miaka mingapi? Milamula hii babu yangu alinionyesha kwa mkono wake. Alisema, Ndyamukama, hapa ndipo mwisho wa Mjerumani!"

"Kweli!" watu wakaitikia. "Mulamula hausemi uongo!"

"Mtatuondoa hadi kitandani kwa kusema ni hifadhi!"

Kijana akarudi hatua mbili. Derick akamtazama dereva kule chini, akainua mkono kumwita apandishe. Nami nikamtafuta Theopista kwa macho. Alikuwa nyuma ya wote. Nikamwona anamgusa kijana wa jirani yangu begani, anamchukulia panga kiunoni kama mtu anayeazima chumvi.

Akapita katikati yetu. Alipofika kwenye mulamula wa kwanza akaupiga. Mti wa miaka ishirini na minane haukatiki kwa pigo moja, hata kama ni mwembamba. Aliupiga mara nne. Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa khanga. Mulamula ukaanguka kuelekea kisimani, majani yote yakiwa mazima.

"Shangazi!" Derick akapiga ukelele. "Umerogwa?"

"Mulamula anaukata aliyeupanda," Theopista akasema, akihema. "Hii yote nimeipanda mimi. Mwaka niliorudi kutoka Buganguzi. Niliwadanganya wake zenu ili nikate nyasi za juu. Ndyamukama, babu yako alikufa kabla mimi sijazaliwa. Hiyo milamula alikuonyesha akiwa wapi?"

Watu walicheka, Mungu atusamehe, kile kicheko cha mtu anayeona mwiba umempita. Mgurusi akatazama fimbo yake.

"Twendeni kisimani," Theopista akamwambia mtu wa misitu. "Nikuonyeshe jiwe lenu."

Tukashuka nyuma yake wote. Akafunua nyasi kwa ncha ya panga, hatua kumi kutoka tunapochotea, na pale palikuwa na jiwe la sementi, fupi. Upande mmoja lina herufi. Juu limelika, limebonyea katikati kama kiti cha baiskeli.

"Nani amelifanya hivi?" Bwana Nathanieli akauliza.

"Mundu wangu. Nimenolea hapa miaka yote."

Akaweka kifaa juu ya jiwe, akasubiri, akatikisa kichwa kukubali. Ta Avit akavua kofia, sijui kwa nini. Kisha kijana akatoa daftari, akasema kwa adabu kwamba kukata nyasi ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na lazima aandike jina.

"Theopista Kokubanza," akamwambia. "Andika vizuri, asije akafungwa mwingine."

Derick alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe, ameweka kiganja pale palipolika. Aliangalia mlimani, mahali ambapo angekuwa ameshafukua mashimo kabla ya jioni, ndani kabisa ya hifadhi, mbele ya macho ya kijiji kizima kinachoapa kwamba si hifadhi. Akasimama, akashuka barabarani. Tulimwona anazungumza na dereva kwa muda mrefu, mikono ikienda huku na huku. Kisha lori likageuka kwa shida, likaondoka na kijiko chake.

Kwa kuwa kijiko hakikushuka, mwenye mtambo alirudisha fedha, akakata ya mafuta na ya usumbufu. Derick akauza mikaratusi yote ya baba yake kufidia, na kibanja kikatoka rehani siku mbili kabla ya tarehe. Leseni anayo bado. Ameandika barua ya kuomba ridhaa, kwa njia ya haki safari hii, na anaweza kusubiri mpaka azeeke. Mimi naomba asipate, lakini hilo nimemwambia Mungu tu.

Derick hakumsalimia shangazi yake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipita mbele ya kona yake na pikipiki, macho mbele. Theopista naye hakupanda tena mlimani. Karatasi ya kuitwa mahakamani haijaja mpaka leo, lakini kila mtu mwenye begi akipita barabarani yeye husimama mlangoni na sanduku lake dogo liko tayari, limefungwa kamba. Wanawake wengine hawakumwacha. Walimwita "serikali". Walimwuliza akiwa kisimani, "Serikali, leo tuchote upande gani?" Alijitwika ndoo yake akaondoka, na mimi sikuona raha yoyote katika kumwona hivyo.

Siku tatu kabla ya Krismasi nilikuwa nafagia sebule. Sakafu ilikuwa tupu, kwa sababu baada ya yale yote nani angepanda tena kukata? Nikasikia pikipiki uani. Nikatoka. Alikuwa Derick, na nyuma yake, kwenye kiti, umefungwa kwa mipira mzigo wa nyasi mkubwa kuliko yeye, na nyuma ya mzigo, sijui alikaa juu ya nini, Theopista, nyasi hadi kwenye nywele.

"Umeutoa wapi?" nikauliza kabla ya salamu.

"Buganguzi."

Nikamtazama. Buganguzi alikoapa hakanyagi tena.

"Mume alishakufa," akasema, akishuka kwa kushikilia bega la Derick. "Wifi zangu wana orweya pana, wala haigombewi na mtu. Wamezeeka wote. Wamenipa na kibuyu cha lubisi."

"Shangazi alikata mwenyewe," Derick akasema huku akifungua mipira. "Nilimwambia nimsaidie, akanitukana."

"Unakata kama mtu anayechimba bati," Theopista akamwambia. Derick akacheka, kicheko kifupi, cha pembeni.

Wakauingiza mzigo ndani. Theopista akasimama mlangoni akisubiri, mikono kiunoni.

"Mzigo kwa mzigo," akasema. "Hesabu."

Nikaukata kamba, nikaanza kutandika kuanzia ukutani. Zilikuwa ndefu, laini, zile zile za mkono wa baraka. Zilifika karibu na mlango zikaisha, pakabaki hatua moja ya sakafu tupu, pale pale alipokuwa amesimama yeye. Aliona. Aliona kwamba nimeona.

"Vueni viatu mwingie," nikawaambia. "Zimetosha."